SOMO: KULIPA DENI BILA KUKATA TAMAA



Tumezoea kuzungumza juu ya mshahara unaodaiwa kwa mwajiri. Leo tuzungumze juu ya mshahara uliokwisha kuliwa kabla haujafika mkononi. Mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa mjini Mbarara, kibarua wa shamba la migomba Isingiro, mchuma chai wa Bushenyi, wote wanaijua siku ya malipo ambayo mdai amekwisha kusimama nje ya lango. Mtu akiona hivyo miezi minne mfululizo huanza kujiuliza anafanya kazi ya nini. Hapo deni limeacha kula fedha peke yake, limeanza kula moyo. Huanza kuchelewa kazini, huwakwepa wenzake, na hukopa kwa siri deni la pili ili kufunika la kwanza.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, jambo hili linaonekana waziwazi. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Leo wako humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia, na Kiswahili kinawaunganisha wengi sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kwa hiyo wengi wao ni vibarua wenzetu. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kugawa msaada kwa kutazama nani mwenye shida zaidi, na mwaka 2025 likawakatia msaada wakimbizi wapatao milioni moja Uganda nzima. Familia iliyokuwa ikichukua unga dukani kwa ahadi ya mgao ujao ilibaki na deni, na mgao haukuja. Deni la namna hiyo si la uvivu wala la anasa. Tunalisema mapema kwa sababu aibu ndiyo inayowafunga wengi midomo, na deni lililofichwa halipati mtu wa kulipunguza.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni mfano wa mfanyakazi anayedaiwa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni shilingi 60,000. Naye, kwa kujinyima sana, hulipa shilingi 60,000. Baada ya mwaka mzima amelipa shilingi 720,000 na bado anadaiwa 300,000 zilezile! Mtu huyu hakukosa bidii. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye dakika kumi na kalamu. Deni hilohilo likitozwa asilimia 2.8 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 8,400 tu, na kwa malipo yaleyale ya 60,000 atalimaliza mwezi wa sita.

Asilimia 2.8 hatukuiokota njiani. Ndicho kiwango cha juu ambacho Serikali ya Uganda iliwawekea wakopeshaji wa fedha wenye leseni mwaka 2024, yaani asilimia 33.6 kwa mwaka. Tena sheria ya mwaka 2016 inayowasimamia wakopeshaji hao inawakataza kushika rehani kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki ya mkopaji. Anayekopesha kama biashara bila leseni anavunja sheria. Kwa hiyo mwenye kadi yake droo ya mkopeshaji asiende kuibembeleza peke yake usiku. Aende mchana, pamoja na mwakilishi wa tawi.

Wengi hutuuliza: mwenye madeni manne aanze na lipi? Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, David Gal na Blakeley McShane, walichapisha uchunguzi juu ya watu waliokuwa wakijitoa kwenye madeni. Waliona kwamba waliofunga deni moja moja kabisa, hata likiwa dogo, ndio walioelekea zaidi kuyamaliza yote. Jina moja likifutwa daftarini, mtu hupata nguvu ya kuliendea la pili. Sisi tunakubali, lakini kwa tahadhari. Deni la muuza samaki linaloisha mwezi huu, limalizeni. Baada ya hapo nguvu zote ziende kwa mwenye riba kubwa, maana huyo halali usingizi.

Wala msiende peke yenu. Wakongo wana likelemba, Wanyarwanda wana ikimina, Wasomali wana ayuuto, na wenyeji wa Ankole wana vyama vya engozi, vilivyokuwa vikibeba wagonjwa kwa machela. Siku hizi wengi hutumia sanduku la akiba, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Riba ya sanduku huwarudia wanachama wakati wa kugawana. Kukopa sandukuni ili kummaliza kabisa mkopeshaji wa nje ni jambo la busara. Kukopa sandukuni ili kumpooza kwa mwezi mmoja ni kujiongezea mdai.

Na nyumbani je? Mwenzako wa ndoa aone daftari. Andikeni kilicholipwa pamoja na kilichobaki, maana anayetazama kilichobaki tu huchoka haraka. Watoto wasinyimwe kila kitu; kipande cha nyama siku ya malipo hakivunji mpango, na huwafanya wote wauvumilie. Mwezi mbaya ukija, mwendeeni mdai kabla ya tarehe, na nusu ya fedha mkononi. Wenye maduka wengi hukubali nusu iliyoletwa kuliko yote iliyoahidiwa.

Kwa mazungumzo ya tawi: Ni wangapi kati yetu wanaojua riba wanayolipa kwa mwezi, kwa tarakimu? Nani ana kitambulisho au kadi iliyoshikwa? Na je, tawi letu lina mtu mmoja mwenye kalamu, ambaye mwanachama anaweza kumwendea bila kuogopa kutangazwa?