Visiki vya Legerwood

Katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, kuna kijiji kidogo kiitwacho Legerwood. Tarehe 15 Oktoba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa haijaisha bado, wenyeji walikusanyika kando ya reli wakapanda miti tisa. Saba ilikuwa ya vijana wa hapo waliofia vitani, kila mmoja na mti wake. Miwili iliyosalia ilikuwa ukumbusho wa Gallipoli na wa Anzac, yaani askari wa Australia na New Zealand walioshuka pwani ya Uturuki mwaka 1915. Jina la marehemu lilipotajwa, jamaa yake alitoka mbele akaushika mche wakati ukipandwa.

Na tuufikirie mkono ule. Maiti haikuletwa nyumbani, maziko hayakufanyika, hakuna udongo wa kutupa kaburini. Mtu amepewa mche, naye anaushika usianguke.

Miti ilikua kwa miaka zaidi ya 80. Lakini mwaka 2001 ilitangazwa kuwa ni ya hatari. Siwalaumu waliotoa hukumu hiyo, maana tawi bovu halichagui litamwangukia nani. Hata hivyo wenyeji walisikitika sana, na nadhani kila msomaji aliyewahi kupanda mti juu ya kaburi la mzazi wake anaelewa. Basi shauri likapatikana: miti ikatwe, ila visiki virefu viachwe vimesimama, vichongwe sanamu. Akaitwa Eddie Freeman, mchongaji wa mji wa Ross, kisiwani humo humo, naye akaifanya kazi kwa msumeno wa mashine.

Hapa ndipo penye somo. Sanamu nyingi za vita humwonyesha mtu na bunduki yake, kana kwamba alizaliwa nayo. Visiki vya Legerwood havikuishia hapo. Mmoja wa wale saba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kupasua mbao, mwingine mtumishi wa reli. Na maisha waliyoyaacha nyumbani yamechongwa pamoja nao. Anayepita njiani anajua kijiji kilipoteza nani.

Vita ile ile ilifika kwetu Afrika Mashariki. Mjini Nairobi wamesimama watu watatu wa shaba: askari, mpagazi, na Mwarabu mwenye bunduki. Chini yao yako maandishi ya kuwasifu kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, wala hakuna jina la hata mmoja. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa kwa jina la kikosi chao. Lakini wangapi wanunuao ndizi pale wanalijua hilo?

Shaba ile haitaoza kama mti. Majina lakini hayamo, na hayo hayawezi kutoka penginepo ila katika nyumba zetu. Zipo jamaa ambazo wazee wao bado husimulia habari za babu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Waulizwe sasa, na jina liandikwe katika daftari ya nyumbani, pamoja na kazi yake kabla hajachukuliwa: kama alikuwa mvuvi, au mfua chuma, au mchunga ng'ombe.