Saa ya Kuhesabu Mapigo ya Moyo: Ununue au Uache?

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Kamanga, Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria

Saa janja zimejaa Mwanza. Zinauzwa kwenye maduka ya simu, zinatembezwa na machinga Makoroboi, na zinavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema. Ukimuuliza muuzaji inafanya nini, orodha ni ndefu: mapigo ya moyo, presha, sukari, oksijeni, usingizi, hatua, kalori. Vijana wenye kazi mjini hujichanga wakamnunulia mama yao mwenye presha, wakiamini wamempelekea zahanati nyumbani. Nia yao ni njema, na ndiyo maana tumeandika kijitabu hiki, ili fedha ya familia isiishie kwenye kifaa kisichopima kile mama anachoumwa.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kuhesabu mapigo ya mtu aliyetulia, saa nyingi zinaweza, na wapo watu zinaowafaa kweli. Lakini kwa kaya nyingi za huku kwetu, kifaa cha kwanza kununua ni mashine ya presha, ile inayofungwa mkononi juu ya kiwiko. Saa ifuate baadaye, kama fedha ipo na kama kuna sababu.

Saa inaona nini?

Igeuze uangalie mgongo wake. Utaona vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi, na katikati yake kijicho kinachopokea mwanga unaorudi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu nyingi zaidi hupita chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Moyo unapolegea, mwanga huongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko, kisha inakuandikia namba kwa dakika. Nyingi ya namba nyingine inazokuonyesha ni makadirio yanayotokana na mwanga huo na mtikisiko wa mkono.

Kwa hiyo saa ikilegea, mwanga wa nje unaingia na hesabu inaharibika. Mkono ukitikisika sana, saa inachanganya mtikisiko na pigo. Mvuvi aliyetoka ziwani alfajiri mikono ikiwa imepoa, damu kwenye ngozi yake ni kidogo na kijicho hakina cha kusoma.

Na ngozi nyeusi je? Swali hilo ni la haki kabisa, kwa sababu rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, haukukuta tofauti kubwa kati ya ngozi nyeusi na nyeupe katika kuhesabu mapigo. Kilichosumbua zaidi ni mwendo: makosa wakati wa shughuli yalizidi yale ya wakati wa kupumzika kwa wastani wa asilimia 30. Oksijeni ni habari nyingine. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vifaa vya hospitali vya kubana kidole vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali kinakosea hivyo, namba ya oksijeni ya saa ya bei poa isikuzuie kumkimbiza kituo cha afya mtoto anayehema kwa shida.

Kalori zisikushughulishe. Chuo Kikuu cha Stanford kilipima vifaa saba mwaka 2017: sita kati yake vilihesabu mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, lakini hakuna hata kimoja kilichopatia kalori, na kile kilichokaribia zaidi kilikosea kwa asilimia 27.

Hatua nazo zina mambo yake. Mama anayetoka kuchota maji, mkono wenye saa umeshika ndoo kichwani, mkono huo haupungi, na saa inaweza kumnyima hatua nyingi za kilima kizima. Anayesukuma toroli la samaki pale Mwaloni, Kirumba, ni vilevile. Akikaa kuchambua dagaa, mkono ukienda na kurudi, saa inaweza kumwandikia hatua ambazo hakutembea. Ile hesabu ya hatua 10,000 nayo haikutoka kwa madaktari, ilitoka kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake wazee wa Marekani ulikuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wenye 2,700, na nafuu hiyo iliendelea hadi karibu hatua 7,500 kisha ikatulia.

Presha na sukari

Hapa tunaomba usome polepole.

Watafiti walipopitia kumbukumbu za wagonjwa wazima zaidi ya 11,000 waliolazwa Hospitali ya Bugando kati ya 2009 na 2011, walikuta magonjwa yasiyoambukiza yakihusika na karibu nusu ya vifo, na shinikizo la juu la damu likiongoza miongoni mwa magonjwa hayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 nao ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu. Wengi hawajui, kwa sababu presha haiumi. Inakaa kimya miaka, kisha inakuja na kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, au figo kuharibika.

Mapigo na presha ni vitu viwili. Ukiufananisha moyo na pampu ya maji, mapigo ni idadi ya mara pampu inaposukuma. Presha ni nguvu ya maji ndani ya bomba. Mtu anaweza kuwa na mapigo 72 kwa dakika, saa ikimwonyesha kila kitu ni kijani, huku presha yake ni 190 kwa 110. Zipo saa chache za gharama zinazokadiria presha, nazo hutaka zilinganishwe na mashine ya mkono kila baada ya wiki chache, maana yake bado unaihitaji mashine. Hizi za bei poa, nyingi zinabahatisha. Kama una shaka, mwombe muuzaji aifunge saa kwenye ndizi. Ikiandika presha ya ndizi, umeshapata jibu.

Kuhusu sukari, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akiiamini namba ya namna hiyo anaweza kujichoma insulini asiyoihitaji, sukari ikashuka hadi akapoteza fahamu. Akikuambia mtu kwamba saa yake ni kifaa tiba, muulize kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Mama mjamzito naye asipewe saa badala ya kliniki. Mapigo kupanda wakati wa ujauzito ni kawaida, lakini kifafa cha mimba hutanguliwa na presha kupanda, na hiyo hupimwa kwa mashine ya mkono kila hudhurio.

Ukipata mashine, itumie hivi: kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Funga kitambaa kwenye ngozi, si juu ya sweta. Usiwe umetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike kwenye daftari. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda zahanati na daftari lako. Ikifika 180 kwa 120, nenda siku hiyohiyo. Mashine moja inatosha nyumba kadhaa za jirani, na hilo ni jambo ambalo vikoba vinaweza kulifanya mwezi huu.

Vidole viwili

Mapigo unaweza kuyahesabu bure. Geuza kiganja kitazame juu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye bonde dogo lililo chini ya kidole gumba, kabla ya mfupa wa kifundo. Usitumie gumba, lina pigo lake lenyewe na litakuchanganya. Gandamiza taratibu hadi usikie pigo, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Likienda bila mpangilio, mara linaruka, mara linakimbia, hesabu dakika nzima.

Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Mwanariadha anaweza kuwa na 45 na akawa mzima kabisa. Homa, malaria, upungufu wa damu, hofu na kukosa maji hupandisha. Ukikaa umetulia siku kadhaa na bado namba inazidi 100, au iko chini ya 50 na unasikia kizunguzungu, kapimwe.

Nani saa inamfaa

Anayejiandaa kwa Rock City Marathon inamsaidia kujua kama anakimbia kwa nguvu kupita kiasi, ingawa mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo ni sahihi zaidi. Mgonjwa wa moyo anayerudishwa kwenye mazoezi chini ya daktari inaweza kumsaidia asivuke kiwango alichopewa. Na mtu ambaye moyo wake hudunda ovyo kisha ukatulia kabla hajafika hospitali, saa inaweza kunasa tukio hilo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watu 419,297 waliovaa saa za Apple. Walioonywa kuwa mapigo yao hayana mpangilio walikuwa asilimia 0.52 tu. Kati ya walioonywa kisha wakavaa kipimo halisi cha umeme wa moyo na kukirudisha, ugonjwa ulionekana kwa asilimia 34. Kwa hiyo onyo la saa ni sababu ya kwenda kupimwa Hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, halitoshi kuwa ugonjwa, na ukimya wake hautoshi kuwa uzima.

Anayetaka kupungua uzito asitarajie muujiza. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh lililochapishwa 2016, watu 471 walifuatiliwa miaka miwili. Waliopewa vifaa vya kuvaa walipungua kilo 3.5, wenzao wasiovaa, waliojiandikia wenyewe mazoezi yao, walipungua kilo 5.9.

Mfano unaotugusa zaidi umetoka Tanzania hapahapa. Watafiti waliwavisha Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi mikanda ya kifuani ya kuhesabu mapigo, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Walikuta kwamba watu hawa, wanaume kwa wanawake, wanatumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika shughuli zinazouchangamsha moyo: kuwinda, kuchimba mizizi, kuchota maji, kutafuta asali. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki nzima. Dalili za hatari ya magonjwa ya moyo kwa Wahadzabe hao zilikuwa chache sana. Mikanda ilikuja ikaondoka. Mioyo ile ilikuwa imara kwa sababu ya kazi na chakula chao.

Mwanza ni mji wa miamba. Anayeishi juu Mabatini au Igogo na kupanda mawe yale kila jioni anafanya mazoezi mazuri, hata kama hakuna kifaa kinachomwandikia. Wasiwasi wetu ni kwa dereva wa bodaboda, mwenye duka, mshonaji na karani, wanaokaa kutwa. Hao wapange mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano kwa wiki. Kipimo cha nguvu ni maongezi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Saa hutumia hesabu ya 220 kutoa umri wako ili kukadiria mapigo ya juu kabisa, na hesabu hiyo hukosea kwa mapigo kumi au zaidi. Anayetumia dawa kama atenolo au propranolo asiitumie hesabu hiyo kabisa, maana dawa hizo hushusha mapigo kwa makusudi. Wala mtu asiache dawa ya presha kwa sababu saa imemwonyesha mapigo mazuri.

Kama unayo tayari

Ivae upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikishika bila kuacha alama. Ilinganishe na vidole vyako ukiwa umekaa. Namba zikitofautiana sana kila mara, viamini vidole. Osha mkanda wake, jasho na magamba ya samaki huleta upele. Programu ya simu inayoambatana nayo ikikuomba ruhusa ya kujua ulipo na majina ya watu wako, kataa kisichohitajika. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na kama kuitazama kunakutia hofu hadi hulali, ivue.

Usiku wa dharura

Maumivu ya kifua yanayobana, kuzimia, kuhema kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla au maneno kuchanganyika: usianze kutafuta saa wala kusubiri namba. Kaya za upande wa Kamanga zipange mapema nani ana gari na namba yake iandikwe ukutani. Hospitali ya Sengerema inafikika bila kuvuka maji, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefungua njia ya barabara hadi Bugando hata wakati kivuko kimelala. Mwenye dalili za kiharusi aandikiwe muda dalili hizo zilipoanza, na daftari la presha lipande gari pamoja naye.