Tuta la Mboga: ya Kufanya na ya Kuacha

Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kupandwa. Mahindi yana miezi ya kujirekebisha, mchicha hauna. Ulichoweka tutani Jumatatu, iwe samadi mbichi, dawa au maji ya mtaro, mtoto wa mtu anakila wiki inayofuata. Haya nimeyasema Kurui, nimeyasema Maneromango, huko Kisarawe, nimeyasema mabondeni kwa wanaolima kando ya Ruvu. Bado naona matuta yaliyoungua, saladi chungu, na vijana wanaopiga dawa asubuhi na kuvuna jioni. Kulima mnajua. Tatizo ni haraka, na haraka hiyo inaumiza watu.

TUTA: FANYA HIVI

Badili tuta msimu unapobadilika. Masika, Machi hadi Mei, inua tuta sentimita 20 hadi 30 na uchimbe mfereji pande zote. Kiangazi fanya kinyume: chimba tuta la kuzama, kingo juu na mimea chini, ili maji yote yaende kwenye mizizi. Kichanga cha Kisarawe hakishiki maji. Tuta lililoinuliwa mwezi wa Agosti limeshakauka kabla hujarudi na ndoo ya pili kutoka kisimani. Nalo tuta la kuzama mwezi wa Aprili, kwenye mfinyanzi wa bondeni, ni bwawa, na mizizi ya mchicha ikikaa majini inaoza.

Upana uwe mita 1, usizidi. Mkono ufike katikati ukiwa umechuchumaa kila upande. Ukizidisha, utakanyaga.

Tandaza nyasi kavu kati ya mistari miche ikishaota. Jua la Januari linachoma udongo mtupu. Nyasi zinapunguza safari za kisimani, na mvua kubwa ikija tope halitarukia majani.

TUTA: ACHA HIVI

Usikanyage tuta. Ulilitifua kwa jasho, halafu unalishindilia kwa visigino. Mizizi ya mchicha ni mifupi, haina nguvu ya kupasua sakafu.

Usilime chini ya mkorosho wala mwembe. Kivuli kinakufaa wewe unayepalilia, hakiufai mchicha. Unarefuka, unakonda, unalala.

Usirudishe ukoo uleule kwenye tuta lilelile. Mchicha na spinachi ni ndugu. Chainizi, figiri, sukuma wiki na kabichi ni ndugu. Mnafu ni ndugu wa nyanya na bilinganya. Ukitoa chainizi ukapanda figiri, umewaandalia viwavi walewale chakula kilekile. Chainizi ikitoka, weka kunde au mchicha.

MBEGU: FANYA HIVI

Changanya mbegu ya mchicha na mchanga mkavu. Vifuniko viwili vya soda vya mbegu na kikombe cha mchanga vinatosha tuta la mita 1 kwa 5. Chora mistari sentimita 20 mbali, mwaga kidogo kidogo, funika kwa udongo mwembamba. Zungushia jivu kavu, kwa sababu sisimizi wataibeba mbegu yako usiku na asubuhi utamlaumu muuzaji.

Panda tuta moja kila wiki. Ukiwa na matuta manne au matano, unavuna mwaka mzima. La kwanza likiisha, la pili liko tayari.

Mbegu ya kujiwekea ichukue kwenye mche uliochelewa kutoa maua. Wengi wanafanya kinyume. Mche unaowahi maua ndio unaowahi mbegu, nao wanauvuna huo kwa sababu uko tayari. Baada ya misimu kadhaa shamba zima linatoa maua likiwa na urefu wa kiganja, kisha wanasema udongo umechoka. Udongo haujachoka. Wewe ndiye uliyechagua mche mbaya. Chagua miche mitano mikubwa, yenye majani mapana, uifunge kitambaa usije ukaivuna kwa bahati mbaya. Ukiamua kununua, nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Aina kama Madiira, zilizotoka kwa watafiti wa mboga wa Arusha, zinatoa majani mengi na kuchelewa maua.

MBEGU: ACHA HIVI

Usipande matuta yote siku moja. Masika mchicha na mlenda vinaota hata nyuma ya choo, bei inaanguka, na wewe una matuta kumi yaliyokomaa kwa pamoja. Nani atayanunua?

Usimwage mbegu za saladi juani Januari. Udongo ukivuka nyuzi 30 mbegu ya saladi inalala, haioti. Ikiota, inakimbilia maua na jani linakuwa chungu. Pwani yetu saladi ni ya Juni hadi Agosti. Sia jioni, kitaluni, chini ya makuti, kisha hamisha.

Usichukue marando ya matembele yenye majani yaliyokunjamana au yenye madoa ya njano. Huo ni ugonjwa wa virusi, na hauna dawa. Rando moja linaingiza ugonjwa bustani nzima, vidukari na inzi weupe wanamaliza kazi.

Mbegu iliyopakwa rangi usiwape kuku. Ile rangi inakuonya kuwa imetiwa sumu.

SAMADI: FANYA HIVI

Ivishe samadi ya kuku mpaka ipoe. Kibaha na vitongoji vyake vimejaa mabanda ya kuku wa nyama, kwa hiyo samadi ipo, tena ya bei nzuri. Irundike kivulini, iloanishe, ifunike, igeuze kila wiki. Ingiza mkono katikati ya rundo. Ukihisi joto, ngoja. Ukisikia harufu inayowasha macho, ngoja. Ikinukia udongo na maranda yamekuwa meusi, imeiva. Changanya na udongo wiki moja au mbili kabla ya kupanda.

SAMADI: ACHA HIVI

Usimwage samadi mbichi kwenye mboga iliyoota. Mama mmoja wa Kibaha alinunua viroba vitatu bandani asubuhi, mchana akavimwaga kati ya mistari, jioni akamwagilia. Baada ya siku chache kingo za majani zilikuwa kahawia, kisha miche ikalala mstari kwa mstari. Alidhani ni ugonjwa, akaenda kununua dawa. Ugonjwa haukuwepo. Ilikuwa gesi kali ya samadi na chumvi yake. Hasara mara mbili, na dawa juu.

Kwa saladi, samadi mbichi ni marufuku. Saladi haipiti motoni. Vijidudu vya kinyesi cha kuku vinatoka tutani vinaingia kwenye kachumbari vikiwa hai.

Usirushe urea wiki ya kuvuna ili jani liwe kijani cha kuvutia. Jani linajaa maji, vidukari wanalipenda, na linanyauka kabla halijafika soko la Buguruni.

MAJI: FANYA HIVI

Mwagilia asubuhi, na jioni mapema. Majani yakauke kabla ya usiku. Jani linalolala na maji linapata kutu nyeupe, vile vipele vyeupe chini ya jani la mchicha. Tumia keni yenye matundu madogo, ukiielekeza chini.

Onja maji ya kisima kipya. Ukihisi chumvi, panda spinachi, ambayo inavumilia. Saladi na kunde vitaungua kingo na kudumaa.

MAJI: ACHA HIVI

Usimwagilie maji ya mtaro, ya bwawa la majitaka wala ya mto unaopokea taka za viwanda. Hili si la kubishania. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Risasi na kadimiamu vilikuwa ndani ya majani. Madini hayo hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Viwanda sasa viko Kibaha pia. Kabla ya kuchota, panda na mto uone kinachoingia humo.

DAWA: FANYA HIVI

Geuza jani kabla ya kushika bomba. Viwavi wa mchicha hukunja jani kwa uzi na kujificha ndani. Ukinyunyizia juu, umewakosa. Fungua mkunjo, mponde kiwavi kwa vidole, ng'oa jani lenye mayai. Tuta la mita 5 halimalizi nusu saa, na asubuhi mbili mfululizo zinatosha. Vidukari, wale wadudu mafuta, wanaoshwa kwa maji ya sabuni chini ya jani.

Anza na mwarobaini. Uko kila mtaa. Twanga majani mabichi, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, piga jioni. Jua linaidhoofisha dawa hii, kwa hiyo ukipiga saa sita mchana umemwaga maji. Rudia baada ya siku chache.

Ukilazimika kununua, nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye lebo inayotaja mboga. Tafuta kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha chomeka kijiti mwanzo wa tuta, ukifunge karatasi ya nailoni iliyoandikwa tarehe ya kupiga na tarehe ya kuvuna. Wewe ukisafiri, mkeo au kijana wa shamba ataisoma.

Vaa buti, glovu, barakoa na mikono mirefu. Piga upepo ukiwa mgongoni mwako.

DAWA: ACHA HIVI

Usipige dawa ya pamba kwenye mchicha. Pamba hailiwi majani. Dawa yake imewekewa kipimo na muda wa zao linalokaa shambani miezi. Mchicha wako una siku 25.

Usipige leo ukavuna kesho. Nimemkuta kijana amepiga Alhamisi jioni, Ijumaa alfajiri mnunuzi wa Ilala amefika na tenga, naye anakata. Nilipomuuliza akasema wataosha. Nani alimdanganya? Dawa nyingi zinaingia ndani ya mmea, zinatembea na utomvu. Maji ya bomba hayafiki huko. Nilimwambia amrudishe mnunuzi, akasema familia inahitaji hela. Na familia itakayokula je?

Usichanganye dawa tatu kwenye bomba moja. Mara nyingi mbili kati yake ni sumu ileile yenye majina tofauti, kwa hiyo umezidisha kipimo bila kujua.

Usipime kwa kukadiria na kifuniko. Kila chupa ina kifuniko chake. Nunua kikombe cha vipimo.

Bomba la dawa ya magugu lisiguse bustani ya mboga. Hata ukilisuuza. Masalia machache yanapinda majani ya kunde na kuua mchicha wote. Kuwa na mabomba mawili, moja lipake rangi nyekundu.

Chupa tupu usiiache, usiweke maji wala mafuta ya kula ndani yake. Isuuze mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba, kisha itoboe.

KUVUNA: FANYA HIVI

Vuna kukiwa na baridi, alfajiri au jioni. Funika mafungu kwa kiroba kilicholoweshwa maji safi.

Mchicha wa kukata, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15 chenye vikonyo. Utachipua tena. Matembele chukua vichwa. Majani ya kunde chuma kabla ya maua, yakiwa laini.

KUVUNA: ACHA HIVI

Usivue mche majani yote. Hauna tena cha kujilishia.

Usiufungie mnafu pamoja na matunda mabichi ya kijani. Yana sumu. Yachambue shambani, usimwachie mpishi.

Usiuze kisamvu kwa mtu asiyekijua bila kumwambia akitwange na kukichemsha vizuri. Kibichi kina sianidi.

Usisuuze mboga mtaroni ili ing'ae sokoni. Ulihangaika wiki nne na maji safi, halafu unaweka kipindupindu dakika ya mwisho. Mchicha wenye vumbi la kichanga unauzika. Mnunuzi akikuuliza ulipiga dawa lini, mwonyeshe kijiti. Kama zimebaki siku tatu, mwambie arudi baada ya siku tatu.