UFA UNAOJIZIBA WENYEWE

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu shule ya msingi. Lakini wapenzi wasomaji, mmewahi kusikia habari za ufa unaojiziba wenyewe? Mimi nilipozisikia mara ya kwanza nilidhani ni hadithi za majini. Kumbe ni kemia tu. Katika makala haya nitajaribu kueleza vile inavyofanyika, ila kwanza nianze na makosa yangu mwenyewe.

Siku moja nikitoka bombani niliangusha mtungi wa lita 20 kutoka kwa baiskeli. Ukapata ufa chini, urefu wa kidole. Mama hakuniongelesha mpaka jioni. Kisha alitia kisu kikuukuu kwenye makaa, kilipokuwa chekundu akakipitisha juu ya ule ufa, plastiki ikayeyuka na kushikana. Tulichotea maji wiki tatu hivi, halafu ukapasuka tena kando ya pale pale.

Wakati huo huo baiskeli ikapata pancha. Mimi kwa ujanja wangu nikapasha kisu moto nizibe tyubu kama mama alivyoziba mtungi. Wapi! Haikuyeyuka. Iliungua, ikatoa moshi mweusi, na tundu lililokuwa dogo kama choroko likawa kama sarafu ya shilingi tano. Baba alinunua tyubu nyingine kwa pesa zilizokuwa na kazi yake, na kabla ya hapo nilitembea kwenda shule siku nne, mbili kati yake nikichelewa.

Nilipouliza katika somo la kemia kwa nini mtungi unakubali moto na tyubu inakataa, darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema nikatafute jibu, na nikilipata niliandikie gazeti la chama. Ndilo hili.

Mtungi na tyubu zote ni polima, yaani vitu ambavyo molekuli zake ni minyororo mirefu sana. Minyororo ya mtungi imelala pamoja kama tambi kwenye sahani, haikufungana. Ukiipasha joto inateleza, ya upande huu inaingiliana na ya upande ule, ikipoa inakaa. Nadhani kisu cha mama kiliyeyusha juu juu tu, na plastiki nyingine ikaungua badala ya kuyeyuka. Mpira wa tyubu ni mambo mengine. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipashwa joto pamoja na salfa unakuwa imara, haunati wakati wa jua wala haukauki wakati wa baridi. Salfa hufunga mnyororo kwa mnyororo mpaka vyote vinakuwa wavu mmoja. Wavu hauwezi kuteleza. Ukizidisha moto unauchoma tu, kama nilivyofanya. Ndiyo maana fundi wa baiskeli hapashi kisu, anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni na kubandika kiraka.

Sasa hapo ndipo wanasayansi walipoanzia. Wengi wa vitu vigumu tunavyotegemea vimefungwa kama wavu. Je, vikipasuka ndani, mahali ambapo hata jicho halioni, nani atabandika kiraka?

Jibu moja lilitoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2001. Scott White na wenzake walichukua plastiki ngumu iitwayo epoksi na kuchanganya ndani yake vidonge vidogo sana, upana wa mikromita 50 hadi 200. (Milimita moja ina mikromita 1000, kwa hivyo msitafute rula.) Ndani ya vidonge kuna umajimaji uitwao disaiklopentadieni, jina refu kama reli ya Mombasa. Kwenye epoksi yenyewe walitawanya kichocheo kilichobuniwa na Robert Grubbs, ambaye baadaye, mwaka 2005, alikuwa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobeli ya kemia. Ufa ukipita unavipasua vidonge, umajimaji unavutwa kwenye ufa vile mafuta ya taa hupanda kwenye utambi, unakutana na kichocheo, unaganda. Walipopima waliona kwamba hadi asilimia 75 ya uwezo wa kustahimili ufa ulikuwa umerudi.

Lakini angalieni: kidonge kikishapasuka kimekwisha. Ufa ukirudi pale pale, kama wa mtungi wetu, dawa hakuna. Mwaka 2007 watu wa Illinois waliweka mifereji myembamba badala ya vidonge, kama mishipa ya damu ndani ya ngozi, wakaziba ufa ule ule hadi mara saba. Baada ya hapo hata hiyo iligoma.

Njia ya pili ndiyo ilinifurahisha zaidi, maanake haina dawa ya kuisha. Mwaka 2008 Ludwik Leibler na wenzake kule Paris, Ufaransa, walieleza mpira waliotengeneza kutokana na asidi za mafuta ya mimea pamoja na yurea. Molekuli zake hazikufungwa kwa salfa, zimeshikana kwa vifungo vya hidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini viko vingi. Ukiukata kwa kisu na kubana vipande pamoja, bila moto wala gundi, unaungana. Fikirieni tumepanga mistari miwili paredi tumeshikana mikono. Mtu akitutenganisha, mikono inabaki wazi ikitafuta wa kushika. Tukirudishwa upesi tunashikana kama kwanza. Tukichelewa, kila mmoja atakuwa ameshamshika jirani wa mstari wake, na ndivyo mpira huo ulivyo pia: vipande vikikaa mbali muda mrefu vinaungana vibaya.

Tatizo, kama nilivyolielewa mimi, ni kwamba mkono unaoachilia kwa urahisi si rahisi kubeba mzigo mzito. Wanasayansi wanavutana na jambo hilo mpaka leo. Hata hivyo kuna vilivyofika sokoni. Mwaka 2005 kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza rangi ya gari inayofuta mikwaruzo midogo yenyewe. Midogo tu! Matatu iliyogongana na punda isitegemee.

Kwa hivyo mtungi wa kujiziba bado haujafika dukani kwetu. Ule wetu ulipopasuka mara ya tatu mama aliukata shingo, akautia udongo, na sasa umeota sukuma wiki nyuma ya jikoni. Ule ufa wa chini umeachwa vile vile, maji yapate pa kutokea.