Kasiba ya Bunduki: Kutengeneza ya Zamani au Kununua Mpya?

Watu wa Matiliku, kama Wakamba wote, wameujua ufundi wa chuma tangu zamani. Mhunzi hufua kigumba cha mshale, na jembe la plau lililokwisha makali hulitia motoni na kulifua, likalima msimu mwingine. Basi si ajabu mtu mwenye bunduki ya halali, akiona imeanza kukosa shabaha, ajiulize: “Mbona kasiba hii nisiipeleke kwa mhunzi aikate au aitoboe upya, nikaepuka gharama ya kununua nyingine?” Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lenye sababu.

KASIBA SI BOMBA

Kasiba, ambayo wengine huiita mtutu, kwa nje hufanana na bomba la maji, lakini kwa ndani ni kitu kingine kabisa. Tutwae mfano wa bunduki ya .303 ya Lee-Enfield, ambayo wazee wengi wa Ukambani waliijua walipotumika katika King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kasiba ya bunduki hiyo, kwa mtindo wa mwaka 1907, ina urefu wa inchi 25 na kidogo. Ndani yake imechongwa mifereji mitano izungukayo kuelekea kushoto, ikitimiza mzunguko mmoja katika kila inchi 10. Risasi ipitapo humo hubanwa na kuzungushwa kama pia ya watoto. Itokapo mdomoni huenda mwendo wa futi 2,440 kwa sekunde, huku ikizunguka mara 2,900 hivi katika sekunde hiyo hiyo. Mzunguko huo ndio uifanyao ishike njia yake.

Tena kuna nguvu ya baruti. Iwakapo, mvuke wake huisukuma kasiba kwa uzito wa tani 18 hivi juu ya kila inchi ya mraba, na uso wa mpigaji uko karibu sana na mahali hapo. Bomba la maji halikufanywa kwa kazi hiyo, wala chuma kilichotiwa moto na kufuliwa bila kipimo hakiwezi kuaminiwa.

SABABU ZA KUCHAKAA

Moto wa baruti hula mifereji kidogo kidogo. Lakini kasiba nyingi huharibiwa na uvivu wa mwenyewe kuliko wingi wa risasi. Fataki za risasi za zamani za kijeshi ziliacha ndani chumvi iliyovuta unyevu, na kutu ikaanza upesi. Ndiyo sababu askari walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya kasiba baada ya kupiga, kisha kuikausha na kuitia mafuta. Vile vile kamba ya kusafishia, ikivutwa kwa upande badala ya kunyoshwa sawasawa, husugua mdomo wa kasiba mpaka tundu lake lisiwe duara tena.

Ili kuchunguza, kwanza hakikisha bunduki haina risasi hata moja. Toa bolti, kisha tazama ndani kutoka nyuma ukielekeza mdomo penye mwanga. Mifereji mizuri hung'aa na kingo zake huonekana wazi. Madoa meusi yenye vishimo ni kutu iliyokwisha kula chuma. Kivuli kama pete maana yake kasiba imevimba. Na ukiona tundu katika ubao wa shabaha ni refu badala ya duara, jua kwamba risasi inakwenda kwa ubavu.

KINACHOTENGENEZEKA NA KISICHOTENGENEZEKA

Ikiwa ubaya uko mdomoni tu, fundi wa bunduki aweza kukata kipande kidogo, akausawazisha mdomo upya na kurudisha alama ya kulengea mahali pake. Njia nyingine ni kuipanua kasiba kuukuu na kutia ndani yake mwanzi mwembamba wa chuma wenye mifereji mipya. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham, Uingereza, ilijulikana kwa kazi hiyo, hasa kwa bunduki ndogo za .22 ambazo baruti yake ni chache.

Lakini kasiba ya bunduki kubwa iliyovimba, iliyopasuka, au iliyolika mahali pa kukalia risasi, haina dawa. Hapana budi kuiondoa. Wala kununua mpya hakutoshi peke yake: lazima fundi apime nafasi iliyopo baina ya bolti na kitako cha risasi. Nafasi ikizidi, ganda hupasuka na moto humrudia mpigaji. Kwa sababu ya hatari hiyo Waingereza waliweka nyumba maalum za kujaribia kasiba kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ile ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Kasiba iliyofaulu hupigwa muhuri.

SHERIA NA HESABU

Katika Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti, na mtu afanyaye biashara ya kutengeneza bunduki awe amesajiliwa. Basi mhunzi wa sokoni, hata akiwa hodari namna gani, haruhusiwi kuishika kazi hiyo, na amwombaye aifanye anamtia hatarini pamoja naye.

Piga hesabu kabla ya kutoa fedha. Ikiwa kasiba mpya pamoja na ujira wa fundi vyakaribia bei ya bunduki nzima, na bunduki yenyewe ni kuukuu, ni heri kuuliza polisi jinsi ya kuirudisha au kuibadili kwa njia ya halali. Ikiwa bunduki ni nzima na kasiba tu ndiyo iliyochoka, nunua mpya, iwekwe na fundi aliyesajiliwa. Na ikiwa kasiba bado ni njema, gharama yako ni kitambaa safi, mafuta kidogo, na dakika chache kila baada ya kuitumia.

Jembe la plau likivunjika shambani, hasara ni siku moja ya kulima. Kasiba ikipasuka, hasara ni jicho, mkono, au roho ya aliyesimama kando. Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao.