Bima Ikimnyima Mgonjwa Daktari Bingwa

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Walakini kadi peke yake haimfikishi mtu kwa bingwa. Hana budi kupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali kama Rubya au Ndolage huko Muleba, kisha ya mkoa hapa Bukoba, ndipo Bugando, Mwanza.

Basi, ndugu msomaji, ukikataliwa usikimbilie kuuza kibanja cha watoto wako. Kwanza, uliza sababu, nayo iandikwe: rufaa imekosekana, michango haikulipwa, kibali hakijatolewa, au tiba haimo katika kitita? Pili, rufaa ikikosekana, rudi kwa daktari aliyekupima aeleze kwa nini bingwa anahitajiwa. Tatu, peleka barua hiyo na majibu ya vipimo ofisini kwa Mfuko, ukibaki na nakala. Nne, tiba isipokuwamo katika kitita, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, uombe nafuu ya gharama.

Dharura haingoji barua: mgonjwa apelekwe upesi hospitali iliyo karibu.

Nasi tulio wazima tuwasindikize wazee wasiojua kusoma. Wengi hurudi nyumbani kimya, na haki yao imo mfukoni.