Mteja wa kupita asiachwe apite: somo la kuanza kuuza kwa mitandao ya kijamii

Wafanyabiashara wadogo wa Vigwaza, katika Halmashauri ya Chalinze wilayani Bagamoyo, wamezoea soko la barabarani. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro inapita hapo, mizani ya magari ipo hapo, na malori mengi yanayopeleka mizigo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo. Gari likisimama, mananasi huinuliwa dirishani, fedha hupokelewa, gari huondoka. Biashara imekwisha. Muuzaji hajui mnunuzi ni nani, na mnunuzi hajui muuzaji anaitwa nani.

Soko la namna hiyo lina mashaka yake. Juni 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwaka huo huo ikafika Dodoma. Abiria aliyekuwa akinunua matunda kupitia dirisha la basi sasa ana njia nyingine ya kusafiri. Aidha, mitambo ya kupima magari yakiwa katika mwendo hupunguza muda wa gari kusimama mizani. Mwenye bidhaa inayooza hawezi kutegemea bahati ya gari kusimama.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri hujiuza kwa aliyekiona tu. Dereva aliyekula nanasi tamu Vigwaza akiwa safarini kwenda Tunduma hawezi kuagiza jingine iwapo hana namba ya aliyemuuzia. Hapo ndipo mitandao ya kijamii inapomfaa mfanyabiashara mdogo. Kazi yake ya kwanza si kutafuta wageni maelfu kwa maelfu. Kazi yake ya kwanza ni kumgeuza mteja wa kupita awe mteja wa kudumu.

MWELEKEO WA SOKO LA MITANDAO

Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. Miaka ya mwanzo biashara nyingi zilishindana kupata wafuasi wengi katika kurasa zilizo wazi kwa watu wote. Tangu hapo mambo matatu yamebadilika.

Kwanza, mauzo mengi ya wadogo humalizikia katika ujumbe wa watu wawili. Mteja huona picha hadharani, lakini huuliza, hupatana na huagiza faraghani. Kwa sababu hiyo Januari 2018 ilitolewa WhatsApp Business, programu isiyolipiwa ya wenye biashara ndogo, yenye nafasi ya kuweka anwani, saa za kazi, na orodha ya bidhaa pamoja na bei zake.

Pili, video fupi zimechukua nafasi ya picha. TikTok ndiyo iliyovuma kwa mtindo huo, na Instagram ikafuata Agosti 2020 kwa huduma yake ya Reels. Video ya nusu dakika inayoonyesha nanasi likikatwa na maji yake yakichuruzika huuza kuliko maneno mengi.

Tatu, fedha husafiri kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mnunuzi aliye Kibaha au Ubungo anaweza kulipa kabla mzigo haujaondoka Vigwaza. Bila malipo ya simu, kuagiza kwa mtandao kungebaki kuwa mazungumzo tu.

MANANASI MIA, HESABU MBILI

Hesabu ifuatayo ni ya kufundishia, si bei ya soko ya wiki hii. Muuzaji ananunua mananasi 100 Kiwangwa kwa Sh. 1,000 kila moja, na analipa Sh. 10,000 za usafiri. Gharama yake ni Sh. 110,000. Barabarani anauza 80 kwa Sh. 2,000 kila moja na kupata Sh. 160,000. Yaliyobaki 20 yanaoza. Faida ni Sh. 50,000.

Muuzaji wa pili ana gharama hizo hizo na anauza 80 kwa bei hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba jioni ya siku ya pili anatangaza yale 20 kwa wateja ambao namba zao anazo, kwa Sh. 1,500 kila moja. Yakiisha yote, anaongeza Sh. 30,000. Akitoa Sh. 5,000 za bando la intaneti, faida yake ni Sh. 75,000.

Mananasi ni yale yale na barabara ni ile ile. Kilichoongezeka ni daftari la namba. Ikumbukwe pia kwamba nanasi haliongezi utamu baada ya kuchumwa. Kila siku linapokaa mezani linapoteza thamani, kwa hiyo tangazo la leo lina faida kuliko la kesho.

HATUA ZA KUANZA

1. Laini ya biashara. Mfanyabiashara atenge laini moja kwa ajili ya biashara, iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Laini ya kuazima ikichukuliwa na mwenyewe, wateja wote huondoka nayo.

2. Namba kabla ya chenji. Kila anayenunua aombwe namba yake, na aelezwe sababu. Maneno machache yanatosha: "Kaka, nikupe namba yangu? Siku ukipita tena, nipigie jana yake nikuwekee mazuri." Anayekataa asilazimishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya matumizi ya taarifa zake asiyoyaridhia. Namba za wateja zisitolewe kwa mtu mwingine.

3. Mteja naye ahifadhi namba. WhatsApp humwezesha muuzaji kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu wengi bila wao kuonana. Lakini ujumbe huo humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya muuzaji katika simu yake. Hivyo ni vema mteja aihifadhi hapo hapo, kabla gari halijaondoka.

4. Picha ya kweli. Ipigwe asubuhi kwenye mwanga, ikionyesha bidhaa ya siku hiyo na si ya kuazima mtandaoni. Chupa ya soda ikiwekwa kando, mnunuzi ataelewa ukubwa wa nanasi bila maelezo.

5. Bei iandikwe. Tabia ya kuwaambia watu "bei njoo inbox" huchosha. Tangazo zuri hutaja bidhaa, bei, kiasi kilichopo na mahali. Kwa mfano: "Mananasi ya Kiwangwa, yamefika leo asubuhi. Sh. 2,000 moja, matatu Sh. 5,000. Yamebaki 40. Vigwaza, karibu na mizani."

6. Kiasi na mpango. Tangazo moja kwa siku linatosha. Tangazo la "status" ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo halimchoshi mteja. Anayetuma ujumbe mara tano kwa siku hufungiwa namba.

Matangazo ya kulipia yasubiri. Mwenye wateja 30 wanaorudi ana msingi. Anayelipia tangazo kabla ya kuwa na msingi huo hununua macho ya watu wa mbali ambao hawatafika Vigwaza kufuata nanasi.

TAHADHARI

Mtandao una wezi kama soko lolote. Mwizi hutuma ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu, kisha anadai mzigo au anaomba arudishiwe fedha "alizozidisha". Dawa ni moja: muuzaji aangalie salio lake kwanza, asiamini ujumbe pekee. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata anayejiita wa huduma kwa wateja. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Kwa upande wake, mnunuzi naye ana hofu ya kutapeliwa. Mteja mpya asidaiwe malipo yote mapema; malipo ya awali kidogo yanatosha. Bidhaa ikifika imeharibika, muuzaji aibadilishe bila ubishi. Mteja mmoja aliyedhulumiwa huwasimulia wenzake wote, na madereva huwa na makundi yao ya WhatsApp.

Vile vile mfanyabiashara asiweke mayai yote katika kapu moja. Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, na huduma ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo nanasi haliachi kuoza. Mwenye namba zilizoandikwa katika daftari la karatasi alikuwa na uwezo wa kupiga simu za kawaida na kuuza. Daftari hilo ni mtaji, na litunzwe kama mtaji.

ZOEZI LA WIKI

Kwa siku saba, mfanyabiashara akusanye namba za wateja 10 walionunua na kuridhika. Kando ya kila namba aandike alichonunua, siku aliyopita na siku anayotarajia kupita tena. Siku ya nane atume tangazo moja lenye picha na bei. Kisha ahesabu mambo mawili tu: wangapi walijibu, na wangapi walinunua. Ikiwa hata wawili wamenunua, hao ni wawili ambao wiki iliyotangulia wangepita bila kusimama.